Mazishi ya Chini ya Mia Mbili

Walimu wenzangu wadogo mliobaki na chaki mkononi, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kumtia mwanafunzi hamu ya kusoma. Mmesema niandike "mambo ya motisha." Afadhali mngeniomba niandike juu ya ng'ombe wangu, maana huyo tunaelewana. Neno motisha likitajwa mbele yangu, mimi huona sanduku jeusi la mbao lenye vishikio vya kamba, na hasira hunipanda hadi chai inakosa ladha. Mke wangu, Mama Mwenda, amenishauri niandike asubuhi kabla sijasikiliza habari za redio, ili hasira iwe ya kitu kimoja tu. Basi ndiyo hii.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa Kanyakine, upande wa Imenti huko Meru, nikasoma huko huko hadi kidato cha nne, nikapata alama za kutosha kuwa mwalimu na zisizotosha kuwa kitu kingine. Chuo cha ualimu nilikimaliza nikihesabu likizo. Halafu nikapangiwa kazi katika shule moja ya msingi nyuma ya Kiritiri, kule Mbeere. Mtu wa Imenti akiambiwa anaenda mbali, hubeba blanketi. Mimi nilibeba mawili, sweta zito alilofuma mama, na nusu gunia la viazi. Nilishuka kwenye jua la kukaanga nyama nikiwa nimevaa hilo sweta, kwa sababu nilitaka kuonekana mtu wa heshima. Watoto walinitazama kama mtu anayeumwa. Viazi navyo viliota kabla mimi sijazoea mahali.

Somo langu la kwanza lilikuwa hisabati, darasa la tano. Niliandika hesabu ubaoni, mtoto mmoja akapata, nikasema, "Vizuri sana, mpigieni makofi ya kilo." Wakapiga. Mwingine akakosa, nikamwambia aketi. Nilijiona nimefundisha. Kumbe kwenye dirisha alikuwa amesimama Mwalimu Marigu, mama mfupi wa raba za mpira na kiondo, aliyekuwa amefundisha pale tangu mimi nikinyonya. Wakati wa chai akanivuta kando.

"Kijana wa Meru, yule aliyepata, alipataje?"

"Alijua, Mwalimu."

"Na yule aliyekosa, alikosaje?"

"Hakujua."

"Sasa wewe uliletwa hapa kwa kazi gani? Kupigisha watu makofi?"

Kusema kweli nilimchukia hadi saa ya chakula cha mchana. Lakini nilianza kwenda kuketi nyuma ya darasa lake. Mwalimu Marigu hakusema "vizuri" hata mara moja. Mtoto akipata au akikosa, alimuuliza swali lile lile: "Umejuaje?" Na mtoto alipoeleza, darasa zima lilisikia njia aliyopita. Kusahihisha alisahihisha kwa penseli, wala hakuweka ile alama kubwa nyekundu ya mkasi tunayoipenda sisi. Alichora kimstari kidogo pale mtoto alipopotelea njia, basi. Na karatasi zilirudi siku hiyo hiyo. Nilimuuliza haraka ya nini, akaniambia karatasi ya mtoto ni kama maziwa ya mbuzi, ikilala inachacha. Kesho mtoto hakumbuki tena alikuwa anafikiria nini.

Mnaniuliza hamu ya kusoma hutoka wapi. Nitawaambia nilipoiona. Kule watoto wengi walikuwa wa wachoma makaa, na Ijumaa hawakuja, kwa sababu ndiyo siku magunia yalishushwa barabarani kungoja malori. Walimu wanaume tulishauriana tuwachape. Mwalimu Marigu alituacha tukishauriana, akaenda ubaoni siku ya Alhamisi, akaandika: Makaa ni mepesi kuliko kuni. Uzito umeenda wapi? Akasema jibu ni kesho. Ijumaa darasa lilijaa, na dirishani wakasimama wa madarasa mengine. Mmoja akauliza, "Mwalimu, umeenda wapi?" Mwalimu Marigu akasema, "Sijui. Tupime."

Mimi nilishtuka. Mwalimu kusema "sijui" mbele ya watoto, nilidhani mabati yatang'oka. Waliazima mizani kwa muuza muguka, yale majani ya kutafuna, wakapima vijiti, wakavitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, wakaufunika na kuuchoma nyuma ya jikoni hadi moshi ukaisha. Wakapima tena. Wakabishana hadi kengele ikapigwa na hakuna aliyetoka, mpaka msichana mmoja akasema polepole kama mtu anayeota, "Kwani moshi una uzito?" Hakupewa kalamu wala peremende. Hakuna aliyempigia makofi ya kilo. Lakini uso wake, ningeweza kuwashia taa. Na Ijumaa iliyofuata darasa lilijaa tena, bila kiboko.

Miaka yote niliyokaa kule niliomba uhamisho, hadi ofisini wakanijua kwa mwandiko. Nilipoupata, nilirudi kwenye shule iliyo ng'ambo ya kijito kutoka kwangu, karibu hivi kwamba nilimsikia Mama Mwenda akigombana na ng'ombe nikiwa katikati ya sehemu na desimali. Nilikaa hapo mpaka mvi. Kimya changu kingekuwa kirefu na chenye furaha, na leo ningekuwa nawaandikia jinsi ya kuotesha kahawa, kama hatungeletewa mwalimu mkuu mpya.

Hakuwa mtu mbaya. Nataka mshike hilo, kwa sababu mtu mbaya ungemjua mapema ukamkwepa. Alikuwa kijana mwenye digrii, shati limenyooka, hachelewi, na alitamani shule ipande. Akaenda ziara ya kujifunza katika shule moja ya mbali iliyokuwa imepanda, akarudi macho yakimetameta. Akatuita ofisini.

"Walimu, wenzetu wamefanya mazishi."

Tukampa pole.

"Hapana, si ya mtu. Wamezika alama mbaya. Wametengeneza sanduku, wakaimba, wakafukia. Watoto walilia. Na mwaka huo wakapanda."

Wakati ule ulikuwa bado wa mtihani wa darasa la nane, wa alama mia tano. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa majaribio, ule wa mok, na watoto wapatao kumi walikuwa wamepata chini ya mia mbili. Mwalimu mkuu akasema tutamzika Marehemu Chini ya Mia Mbili.

"Mzee, wewe unaona aje?" akaniuliza, kwa sababu nilikuwa nimekunja uso.

"Naona ni matanga bila maiti, Bwana Mkuu."

"Maiti ipo. Karatasi zao za mok zitaingia ndani ya sanduku."

"Lakini hawajarudishiwa. Hawajaona walipokosa."

"Mzee, walipokosa ndipo tunapozika. Ama unataka tuzike walipopata?"

Ofisi yote ikacheka. Mwenzangu mmoja akasema nisisumbuliwe, mimi hata hapo mjini Nkubu huenda nikiwa mgonjwa tu, mambo ya dunia nitayajulia wapi. Nilicheka pia, maana ni kweli. Halafu mandazi yakaletwa, mikono ikainuliwa, na kwa mandazi hayo hoja ikapita. Mkono wangu ulibaki kwenye kikombe. Hilo halikuokoa mtu.

Siku yenyewe sitaisahau. Mzazi mmoja fundi alitengeneza lile sanduku, likapakwa rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka ubao wa darasa. Shimo likachimbwa nyuma ya shule, kando ya napia, majani ya ng'ombe wa mwalimu mkuu. Wazazi walialikwa. Kwaya ya shule ilivaa leso nyeupe. Na wale watoto waliopata chini ya mia mbili waliketishwa benchi la mbele, wakafungwa vitambaa vyeusi mkononi, wakaitwa wafiwa. Wafiwa, walimu wenzangu. Watoto wa miaka kumi na minne.

Akaletwa pia msemaji wa kutia motisha, kutoka mjini, na spika yake, na suti ya kung'aa kama mgongo wa mende. Akasema, "Mwambie jirani yako, wewe ni tai." Watoto wakageukiana, "Wewe ni tai, wewe ni tai." Huku kwetu tai hubeba vifaranga. Mtoto anayefuga kuku kwao hajui kama amesifiwa au ametukanwa. Akaruka, akatokwa jasho, akasema umaskini ni uamuzi. Benchi la mbele kulikuwa na mtoto aliyevaa kiatu kimoja chake na kingine cha nduguye. Nilitamani kuuliza ni nani kati yao aliyeamua.

Kisha wafiwa wakaambiwa waende mmoja mmoja shimoni, kila mtu atupe udongo na kusema, "Kwaheri ujinga." Wakaenda. Wengine walicheka kwa aibu, mmoja alilia, na mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Unaona, inafanya kazi." Ikafika zamu ya Kendi.

Kendi alikuwa msichana mrefu, mkimya, aliyelelewa na nyanya yake, kwa kuwa mama yake alikuwa akifua nguo za watu mjini. Hisabati ilimshinda kwa namna iliyonishangaza: alikuwa akiandika kazi ndefu, safi, kwa bidii, halafu jibu linatoka porini. Nilikuwa nikingoja ile karatasi yake ya mok nione njia inapotea wapi. Alifika shimoni, udongo mkononi, akasimama. Akamtazama mwalimu mkuu.

"Mwalimu, karatasi yangu iko ndani?"

"Iko. Tupa udongo, mama."

"Naomba kwanza niione. Sijaona ile nimekosa."

Msemaji wa motisha akacheka kwenye spika, akasema, "Marehemu hafufuliwi, mrembo." Na hapo shule nzima ikacheka, wazazi wakacheka, kwaya ikacheka na leso zake. Kendi akaweka ule udongo chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani, akatoka na kwenda zake.

Kesho yake hakuja shuleni. Wala keshokutwa. Wiki ikaisha. Mtihani wenyewe ulikuwa unakaribia, na huku kwetu msichana asiyeufanya pamoja na wenzake harudi tena. Angeenda kuchuma majani chai, watu wangesema hakuwa wa masomo, na kitabu kingefungwa. Nilimwambia mwalimu mkuu. Akasema wengine wamepata motisha, mmoja akikosa ni kawaida. Nilitoka ofisini, nikafanya kitu nisichopenda kufanya: nikaenda kwa watu.

Kwao ni ng'ambo ya kilima, kwenye migomba. Nyanya yake, ambaye sote tulimwita Cucu, alikuwa akifunga mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni Nkubu. Kendi alikuwa upande wa jikoni, akanisalimu bila kuinua uso. Cucu akanipa kigoda na chai, kwa maana hata ukimkasirikia mtu, chai ni chai. Akangoja nimalize kikombe ndipo aanze.

"Mwarimu, wewe ni mtu wa hapa. Baba yako nilimjua. Niambie, jina la mtoto wangu liko wapi?"

"Jina lipi, Cucu?"

"Kwani karatasi ya mtihani haiandikwi jina juu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Juu ya kila karatasi, kwa mwandiko wao wenyewe, watoto walikuwa wameandika majina yao. Na sisi, walimu tunaojua mambo ya dunia, tulikuwa tumeyatia ndani ya jeneza, tukayaimbia na kuyafukia.

"Mimi ni Mkristo," akasema Cucu. "Kanisani naketi mbele. Lakini jina la mtu aliye hai haliwekwi shimoni. Hata mchawi hufanya hivyo usiku, akijificha. Nyinyi mmefanya mchana, na kwaya."

"Cucu, ilikuwa mfano tu."

"Mfano wa nini? Mngechukua la mtoto wa mwalimu mkuu, mfano ungekuwa mzuri zaidi."

Nilijikuna shingo.

"Atarudi shule siku jina lake litatoka," akasema. "Kama halitoki, atanisaidia na ndizi. Ndizi hazijawahi kumzika."

Nilirudi kwa mwalimu mkuu. Nilimweleza kwa upole, ambao si kipaji changu. Akasema huo ni ushirikina, na kwamba tukifukua tutakuwa kichekesho cha kata nzima. Nikamwambia kichekesho tumeshakuwa, sasa tunachagua tu mwisho wake. Akasema, "Mzee, umebakisha muda mfupi ustaafu kwa heshima. Nenda nyumbani upumzike." Kwa mara ya kwanza maishani, mtu aliniambia niende nyumbani na sikutaka.

Nilienda, lakini kuchukua jembe. Mama Mwenda akauliza nalipeleka wapi jembe lake zuri. Nikamwambia naenda kufukua maiti ya shule. Akasema, "Basi vaa viatu vya shamba, hivyo ni vya kanisa." Huyo ndiye mwanamke niliyeoa.

Nilimtumia Cucu ujumbe, naye akaja na Kendi wakati wa mapumziko ya mchana. Cucu aliketi juu ya jiwe kando ya shimo, miguu imenyooshwa, kama mtu aliyekuja kusimamia vibarua. Nikaanza kuchimba. Sijui kama mmewahi kuona mwalimu wa umri wangu akichimba mbele ya shule nzima. Watoto walitoka na masufuria yao ya githeri wakatuzunguka. "Mwalimu, shika jembe chini kidogo." "Mwalimu, utakata napia." "Mwalimu, pumzika, marehemu hana haraka." Niliwaacha waseme. Nilichimba kwa hasira, na hasira ni mchimbaji mzuri ila haina mgongo. Nilipoinuka kidogo nilimwona mwalimu mkuu dirishani, simu sikioni, akizungumza na mkubwa fulani. Mkubwa huyo hakuja. Nadhani hata yeye alishindwa angeandika kosa langu kwa jina gani.

Sanduku lilitoka limevimba kwa maji. Nikalivunja kifuniko. Karatasi zilikuwa na unyevu na udongo, zimeshikana, lakini zilisomeka. Nikatafuta ya Kendi, nikampa Cucu kwanza. Cucu hakujua kusoma. Akaielekeza kwa mjukuu wake.

"Nionyeshe jina lako."

Kendi akaweka kidole. Cucu akaligusa hapo kwa kidole chake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, akamrudishia karatasi. Nilidhani yameisha, watachukua na kwenda. Lakini Kendi aliketi kwenye nyasi palepale, akaifungua, akaanza kusoma alipokosa, kama mtu aliyengojeshwa chakula. Nikaketi kando yake na penseli.

Swali lilikuwa la gari lililotoka Nkubu saa mbili na dakika hamsini, likafika Embu saa tano na dakika ishirini. Lilichukua muda gani? Kendi alikuwa ameandika: saa mbili na dakika sabini.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Ishirini haiwezi kutoa hamsini. Nimekopa moja kwa tano."

"Hiyo moja uliyokopa ikawa dakika ngapi?"

"Mia."

"Saa moja ina dakika mia?"

Akafungua mdomo ajibu, akaufunga. Akaitazama karatasi. Akageuza ukurasa wa pili, akaangalia swali lingine la saa, na lingine la ratiba, na lingine la mwendo kasi, kidole kikikimbia, na kote alikuwa amekopa mia. Akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika.

"Mwalimu, ni kosa moja. Ni moja tu, limetembea kila mahali."

"Anacheka nini?" akauliza Cucu.

"Cucu, nilikuwa navunja saa kama shilingi. Nikivunja shilingi moja napata senti mia, basi hata saa nilikuwa naivunja hivyo. Na saa ina sitini peke yake. Ona hapa, na hapa, na hapa."

Cucu, aliyevunja noti sokoni tangu ujana wake, alielewa haraka kuliko darasa langu lolote. Akacheka pia, akapiga goti. "Ukinichenjia hivyo kwenye ndizi, tutalala njaa." Kisha kicheko kikamtoka usoni. Akanigeukia.

"Mwarimu. Na hiki ndicho mlikuwa mmezika?"

Nikamwambia ndicho.

Akaangalia lile shimo, na lile sanduku lililovunjika, na mimi na matope yangu. "Kesho atakuja," akasema mwishowe. "Lakini hizo zingine nazo ni za nani?"

Hakungoja jibu. Alifungua leso yake kiunoni, akachukua karatasi ya juu, akaipangusa udongo taratibu kama anayempangusa mtoto pua, akanipa nisome. Nikasoma jina kwa sauti. Katikati ya ile duara ya watoto wenye masufuria, mmoja akainua mkono.

"Niko," akasema.

Cucu akapangusa nyingine, akanipa.